Daftari Lisilofutwa

Msomaji, ukimwuliza mtu ana fedha ngapi mfukoni, atakujibu kwa tarakimu moja. Ukimwuliza zimefikaje humo, na nyingine zimekwenda wapi, hana budi kusimulia. Tarakimu ni hali. Simulizi ni matukio. Programu nyingi za kompyuta hutunza hali peke yake. Jambo likibadilika, tarakimu mpya huandikwa mahali pa ile ya kale, na ya kale ikatoweka kama nyayo mchangani maji yajaapo.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na madhara ya desturi hiyo nimeyaona kwa macho. Karani mmoja alikuwa na daftari la karo lenye safu moja tu, ya deni. Kila malipo yalipoletwa alifuta deni la kale kwa raba, akaandika jipya. Mwanafunzi mmoja, mwana wa mkulima, alidaiwa shilingi 12,000. Baba yake alishikilia kuwa amelipa 5,000, kisha 4,000, kisha 2,500. Daftari lilionyesha deni la 3,000. Je, malipo ya tatu yalisahauliwa, au yaliandikwa yakafutwa, au hayakuletwa kabisa? Karatasi iliyochakaa kwa kufutwa haikuwa na jibu. Kijana alikaa nyumbani wiki mbili, na mzee yule akaondoka ofisini ameinamisha kichwa mbele ya watu kana kwamba ni mwongo.

Wahasibu waliijua dawa ya ugonjwa huu zamani. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha kitabu cha hesabu mjini Venice mwaka 1494, akaeleza humo jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila shughuli katika madaftari yao. Mhasibu mwema hafuti. Akikosea, huandika ingizo jingine la kulitangua la kwanza, na yote mawili yakabaki yakisomeka.

Baadhi ya watunzi wa programu wameifuata njia hiyo. Kila tukio huandikwa mwishoni mwa orodha, wala haliguswi tena: malipo yamepokewa, malipo yametanguliwa. Deni hukokotolewa kwa kuyapitia matukio tangu la kwanza hata la mwisho. Orodha ikirefuka mno, programu huweka jumla ya kufikia siku fulani, ikaendelea kutoka hapo, kama karani ahamishavyo jumla kwenye ukurasa mpya.

Usidhani, msomaji, kwamba kazi hii ni nyepesi. Programu inapoyapitia matukio upya ni lazima izuiwe isirudie vitendo vyake, la sivyo mzazi atapelekewa leo ujumbe wa malipo ya mwaka juzi. Tena kuna jambo gumu zaidi. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, humpa mtu haki ya kuomba habari zake zifutwe katika hali fulani. Nalo daftari hili halifutwi! Wengine huziandika habari za kila mtu kwa maandishi ya siri yenye ufunguo wake, na siku ya kufuta ikifika huuharibu ufunguo. Orodha hubaki nzima, lakini mahali pa mtu yule hapasomeki tena.