Mto Butahu, Mtoto wa Ruwenzori

Tazameni ramani ya Kongo yetu. Karibu mito yote yakimbilia mto ule mkubwa, nao waipeleka katika bahari ya Atlantiki. Butahu haufuati desturi hiyo. Unazaliwa juu ya mlima Ruwenzori, unashuka upande wa magharibi mpaka mto Semliki. Semliki unaingia ziwa Albert, na kutoka huko maji yanashika njia ya Nili mpaka Misri. Lakini mvua inyeshayo magharibi mwa Beni, mwendo usio mrefu kutoka Semliki, inaingia mto Ituri na kuishia Atlantiki. Wingu moja, bahari mbili! Kila mwaka tunawaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kidole, na kila mwaka yuko mmoja asiyekubali.

Tupande sasa kufuata bonde la Butahu. Mguuni pa mlima, karibu na Mutwanga, ni mashamba ya migomba, mihogo na kahawa. Ruwenzori si volkano kama Nyiragongo. Ni pande kubwa la mawe ya kale lililosukumwa juu na nguvu za ardhi, na kwa hiyo miteremko yake ni mikali sana. Kwenye kibanda cha Kalonge, meta 2,140 hivi, tumo ndani ya msitu mzito. Kisha mianzi. Kisha, karibu na kibanda cha Mahangu, meta 3,310, mtu huingia nchi ya ajabu: miti iliyopinda, iliyovikwa toka shina hata matawi majani madogo laini, yenye maji tele kama sifongo. Chini napo ni zulia la majani hayo hayo, na mguu huzama hata goti. Ukikamua konzi moja, maji yatiririka mkononi. Wasafiri hulalamika sana juu ya matope haya. Lakini huku ndiko tunakotaka msomaji asimame kidogo.

Maana sisi walimu tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba mito ya Ruwenzori yatoka katika theluji. Jina lenyewe latuvuta: kwa lugha ya Wakonzo theluji ni nzururu. Nayo theluji yapungua kweli. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, alipofika kilele cha Margherita, meta 5,109, barafu za mlima zilienea karibu kilometa za mraba 6.5, mwaka 2003 haikubaki hata kilometa moja. Wengi wakaogopa kwamba barafu ikiisha, mito itakauka.

Basi wataalamu wakapima maji ya Mubuku, mto wa upande wa Uganda. Mwaka 2009 wakatangaza kwamba, mtoni hapo chini ya mlima, maji ya barafu hayafiki hata sehemu 2 katika 100. Yaliyobaki ni mvua. Mlima ni mmoja, na mawingu ya upande wetu si maskini: zashuka milimeta 2,000 na zaidi kwa mwaka. Lile zulia la matope na msitu ulio chini yake ndivyo vinavyoipokea mvua hiyo na kuitoa polepole, hata siku za jua.

Tuhuzunikie barafu, ni haki. Wajukuu wetu hawataiona. Lakini atishaye Butahu zaidi ni moto na shoka. Mwaka 2012 moto uliunguza nyanda za juu sana upande wa Uganda, mahali ambapo wazee walidhani hapawezi kuwaka kwa unyevu. Upande wetu sehemu ya juu ya bonde imo katika Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, lakini vita imewakimbiza watu wengi kutoka vijiji vyao, na mwenye njaa hutafuta shamba na makaa pale apatapo. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba mti ukatwao ukingoni mwa kijito unahesabiwa na jirani wa chini.

Baada ya mvua kubwa hesabu hiyo yaonekana kwa macho. Kijito kitokacho msituni huja safi, na mawe ya chini yanaonekana. Kile kilichopita katika mashamba yasiyo na mti huja chekundu kama chai, kimebeba udongo wa mwenye shamba kuupeleka Semliki.