Sheria na Kalamu

Mtu akiniuliza nataka kuwa nani nimalizapo masomo, humjibu: mwandishi wa habari za siasa. Lakini baba yangu ana jibu jingine. Tangu ile kesi ya mpaka wa shamba letu, ambayo alishindwa kuieleza vema mbele ya baraza, kila likizo huniambia, "Mwanangu, soma sheria. Nyumba hii haina wa kuisemea." Basi nilidhani sina budi kumkosea mmoja: baba, au nafsi yangu.

Kilichonifumbua macho ni maharage. Muhula uliopita chakula cha jioni kilipungua kwa wiki nzima, nami nikaandika katika gazeti letu la ukutani kwamba maharage yanaibwa stoo. Bwenini wenzangu walinishangilia, nikajiona shujaa. Kesho yake mwalimu wa Uraia aliniita, akaniuliza maswali matatu tu: "Nani aliona? Yaliibwa lini? Mtunza stoo ulimwuliza?" Nikakosa la kusema.

Nilipokwenda stoo nilionyeshwa daftari. Magunia mawili yaliingia wadudu, yakatupwa, na sahihi ya mkuu wa shule ilikuwapo. Mzee yule hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, nami nina watoto, wanasoma shule ya kutwa hapo jirani. Wamesikia." Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi nilibandika karatasi ya kumwomba radhi, yenye jina langu.

Ndipo mwalimu aliponisimulia habari za Bwana Jenerali Ulimwengu. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akawa mkuu wa wilaya, kisha mbunge. Lakini wengi wanamjua kwa kalamu yake. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walianzisha gazeti la Rai, likawa uwanja wa kujadili siasa za nchi kwa Kiswahili. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba si raia. Baadaye alipewa uraia, na kuandika hakuacha. Katika gazeti la Raia Mwema safu yake iliitwa Rai ya Jenerali.

Nilipoyasikia hayo niliona kwamba njia mbili nilizozihofia zaweza kuwa moja. Mwanasheria hufunzwa kutenga tuhuma na ushahidi, na kumsikiliza anayeshitakiwa kabla ya kumhukumu. Mwandishi wa siasa asiyejua hayo atawaumiza wengi kama nilivyomwumiza mzee wa stoo, tena kwa gazeti linalofika nchi nzima.

Likizo iliyofuata nilimweleza baba kwamba nitasoma sheria, lakini kalamu sitaiweka chini. Alinyamaza kitambo, akaingia ndani, akatoka na karatasi za kesi ya shamba. "Haya," akasema, "anza na hizi. Ziandike nizielewe."

Enyi wenzangu mpendao kuandika, ulizeni kwanza. Neno likishabandikwa ukutani, kulibandua hakulifuti.