Wifi alipanga Mikumi, mama alikuwa na Kilosa moyoni

Basi la kutoka Bukoba lilipofika Dumila, watoto wote watatu walikuwa wamelala. Mama yao aliitazama njia panda ya Kilosa mpaka ikafichwa na lori. Huko Kilosa yuko mama yake mzazi, ambaye macho yanamfifia mwaka hadi mwaka na ambaye hajawahi kumshika mjukuu wake wa mwisho, mwenye miaka mitano sasa. Lakini safari ilikuwa ya Dar es Salaam, kwa wifi. Mume alishasema: "Anzieni kwa dada, mengine mtapanga hukohuko."

Wifi si mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana habari za mawifi kwenye kurasa za familia huwa na upande mmoja. Nyumbani kwake Tabata alikuwa ametandika vitanda, amenunua samaki, na amebandika ratiba ya wiki nzima kwenye mlango wa friji. Jumatatu kupumzika. Jumanne Kigamboni, kwa pantoni. Jumatano Mikumi. Ijumaa Bagamoyo. Jumapili wageni wanarudi. Alipokea chupa ya senene kwa mikono miwili, akawasomea watoto ratiba kama mwalimu anayesoma matokeo. Waliposikia Mikumi walipiga kelele; shangazi aliwaahidi tembo kwa simu tangu Pasaka.

Mama alishukuru. Kilosa hakuitaja. Mgeni anayekula na kulala kwa ndugu wa mumewe huona vigumu kusema, "Siku moja naomba niende kwetu." Husikika kama lawama, hata kama si lawama. Mwenyeji naye hawezi kukisia. Ndivyo watu wazima wawili wanaopendana wanavyoweza kumaliza likizo nzima wakitabasamu, kila mmoja na lake moyoni.

Aliyelifungua jambo ni binti wa kwanza, miaka 11. Jumatatu usiku wifi alikuwa anakata tiketi za SGR kwenye simu, na mtoto akawa anasoma majina ya stesheni kwa sauti: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa. Akanyamaza kidogo. "Mama, Kilosa si ndiko kwa bibi?"

Wifi akaweka simu mezani. "Wifi, kumbe mama yuko njia hii hii? Mbona hukusema?"

"Ratiba ilishapangwa, wifi."

"Ratiba nimeandika mimi kwa kalamu ya mtoto!"

Alicheka, lakini alikuwa ameumia, na si bure. Dereva wa Morogoro alishatumiwa pesa ya kutangulia, na watoto walishaota tembo. Wazo la kwanza lilikuwa kufanya vyote siku moja, kwani kwenye ramani Mikumi na Kilosa ni majirani. Mji wa Mikumi wenyewe uko ndani ya Wilaya ya Kilosa. Mzazi yeyote anayepanga safari kwa kutazama ramani angeshawishika. Lakini kati ya miji hiyo miwili kuna karibu kilomita 80, na dereva alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu: "Mnataka kuona wanyama, au mnataka kuona barabara?"

Basi wakagawana. Wote wangepanda treni moja ya asubuhi. Wifi na wakubwa wawili wangeshuka Morogoro. Mama na mdogo wangeendelea hadi Kilosa. Jioni wangekutana ndani ya treni ya kurudi. Si kila treni husimama Kilosa, kwa hiyo tiketi ya kurudi ilitafutwa kwanza, ndipo wakachagua ya kwenda. Kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, huo ndio mpangilio wenye akili. Kwa nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa mwaka 2024, mtu mzima hulipa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 18,000 hadi Kilosa, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Kwenda peke yake kuligharimu shilingi 53,000 kwa wote watano. Kilichokula pesa zaidi ni gari la kukodi, kwa sababu hifadhini mtu hatembei kwa miguu, na kutoka Morogoro hadi langoni ni kilomita kama 90. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na gari, ila usitegemee kulipa kwa noti mkononi.

Wasioweza gari wana njia nyingine ambayo wengi huidharau. Barabara kuu ya Iringa na Mbeya inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Mtoto aliyekaa dirishani kwenye basi la mchana anaweza kuona swala, twiga, hata tembo, pamoja na mabango ya faini za kugonga wanyama. Hatafika kwenye bwawa la viboko, lakini atakuwa na la kusimulia.

Waliokwenda walifika bwawani. Walikaa nusu saa wakihesabu viboko, na kila mara hesabu iligoma kwa sababu mmoja alizama. Kaka wa miaka minane alijifunza kwamba hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na kwamba jina lake limetokana na miti ya mikumi. Siku yao ilikuwa nzuri.

Kilosa, bibi alikuwa mlangoni tangu asubuhi, kwenye nyumba waliyohamia baada ya mto Mkondoa kufurika mwanzoni mwa 2010. Hakumwona mjukuu mpaka alipokuwa hatua mbili mbele yake. Akamvuta, akapitisha vidole kwenye paji la uso, pua, masikio. "Masikio ya babu yako," akasema. Mtoto hakuogopa, alifumba macho naye akampapasa bibi usoni, akidhani ni mchezo. Mama alikwenda jikoni kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri.

Walikula ugali na mlenda. Mama akauliza habari za macho. Bibi akasema waganga wa macho walipopita walimwambia ni mtoto wa jicho, unaoweza kufanyiwa upasuaji, ila yeye hakutaka kwenda mjini kusumbua watu. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni kana kwamba anasubiri wengine waingie. "Na wale wakubwa?"

"Wamekwenda Mikumi na shangazi yao, mama."

"Ahaa. Kuona tembo." Alinyamaza. "Wakiniona mimi si wangeona tembo pia, na ngozi yangu hii?" Alicheka sana kwa mzaha wake. Mama hakuweza kucheka.

Jioni treni iliposimama Morogoro, wawili wakaingia mbio na vumbi lao, wakisema kwa pamoja. Viboko, twiga, nyani aliyetaka ndizi. Mdogo akawasubiri wamalize, kisha akawaambia bibi anaona kwa vidole. Binti mkubwa akakaa chini. "Alituulizia?"

"Alikuulizieni," mama akajibu.

Taa za Morogoro ziliachwa nyuma. Wifi alikuwa amefungua tena simu. "Ijumaa," alisema bila kuinua uso, "Bagamoyo haihami. Kwenda tunakata tano. Kurudi tukate sita, tumlete mama aonwe macho. Wifi, kitambulisho chake kiko wapi?"