Nilivyokuwa Msomaji wa Simu ya Bibi

Wanafunzi wenzangu, kila mwisho wa muhula tunapofunga masanduku yetu, mazungumzo ya bwenini huwa ni simu. Kwa kuwa hapa shuleni simu haziruhusiwi, kila mtu hueleza jinsi atakavyokesha na simu akifika kwao. Mimi huwasikiliza na kucheka moyoni, maana kwetu simu hainingoji kwa mchezo, inaningoja kwa kazi. Nataka kuwaeleza kazi hiyo, kwa sababu naamini si mimi peke yangu katika shule hii ninayeifanya, ingawa sijapata kusoma habari zake katika gazeti letu.

Kwetu ni Usambara, juu ya Soni, ambako mashamba yamepanda migongoni mwa milima hata mgeni hushangaa jinsi watu wanavyolima bila kuporomoka. Naishi kwa Bibi, mzaa mama. Bibi ana simu ya vitufe, zile ambazo watu huziita viswaswadu, yenye tochi kichwani. Msiidharau. Betri yake hukaa siku tano au sita, maana haina kioo kikubwa cha kuwaka wala haihangaiki na intaneti mchana na usiku kama simu janja. Ikiisha, huchajiwa kwa taa ndogo ya sola tunayoianika juu ya bati.

Simu hiyo haikai mfukoni. Imetundikwa katika msumari kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, kwa sababu hapo ndipo mtandao unapofika. Simu huzungumza na mnara kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo huzuiwa na milima. Mnara wetu uko ng'ambo ya bonde, nao huonekana katika pengo kati ya vilima viwili. Ukisogea hatua nne kwenda chumbani, pengo limekwisha kufungwa, na simu imekuwa tochi tu. Ndiyo sababu kwetu kila anayepokea simu huzungumza amesimama mlangoni, na watu wote walio jikoni husikia.

Bibi hakwenda shule. Tarakimu anazijua vizuri sana, kwa maana ameuza kabichi na viazi miaka mingi, na sijaona mchuuzi aliyeweza kumpunja. Lakini maneno yakiandikwa, kwake ni michoro tu. Basi simu ikilia mlio wa ujumbe, huitungua msumarini, akanipa na kusema, "Mume wangu, soma." (Asiyezoea asishangae, bibi na mjukuu wana utani wao.)

Kazi hii si ngeni. Wazee husimulia kwamba zamani, vijana walipokwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, barua zao zilisomwa na mtu mmoja kijijini aliyejua kusoma, pengine mwalimu. Mtu huyo alijua nani ana deni, nani ameoa huko bila kuwaaga wazazi, na nani anaumwa. Tofauti ni kwamba barua ilikuja baada ya miezi, na ujumbe wa simu huja mara tano kwa siku, na nne kati ya hizo hazina maana yo yote. Mara kampuni inamwuzia Bibi bando la intaneti, hali simu yake haina intaneti. Mara mtu asiyejulikana anaandika, "Ile pesa itume kwenye namba hii," kana kwamba waliagana jana. Matapeli hawa huyatupa maneno hayo kwa namba nyingi bila kuchagua, wakitumaini kumkuta mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa na mtu wa kumtumia pesa. Nikimsomea Bibi huuliza, "Ni ya nani?" Nikisema namba haina jina, hujibu, "Basi njaa yake ni yake." Nami huipeleka namba hiyo kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa kutuma neno "utapeli" kwenda 15040, ndipo nifute.

Kazi ya pili ni pesa. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo mimi sikuikuta dunia isiyokuwa na wakala. Wengi hudhani kwamba mambo haya yanataka simu janja. La. Menyu ile ya kutuma na kutoa pesa hupita katika njia nyembamba ambayo simu huitumia kusalimiana na mnara, bila intaneti. Ujumbe wa maandishi nao ulitengenezewa njia hiyo hiyo, na kwa kuwa ni nyembamba, ujumbe mmoja ulipimiwa herufi 160 tu. Kasoro ya menyu ni kwamba haingoji. Ukichelewa hutoweka, hali Bibi hapendi kubonyeza kitu kabla ya kufikiri. Nilimwonyesha kwamba kila mstari una tarakimu yake mbele, basi akaikariri njia yote kwa tarakimu, kama mtu anayejua njia ya msituni kwa kuhesabu mito. Namba ya siri huibonyeza mwenyewe, amenigeuzia mgongo. Hakuna aliyemfundisha hilo. Naona amewapita baadhi ya vijana wa bwenini petu, ambao huandika namba zao za siri nyuma ya daftari.

Sasa nieleze jambo la likizo ya Desemba. Mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa akifanya kazi katika ghala moja huko Dar es Salaam, na kila mwezi alimtumia mama yake pesa. Siku ya Jumatano, Bibi akiwa shambani, ujumbe uliingia. Niliufungua kama kawaida. Ulisema hivi: "Mpwa wangu, ujumbe huu ni wako. Kazi imesimama tangu Oktoba. Pesa niliyotuma nilikopa. Usimsomee mama, presha itampanda. Nikipata kibarua nitatuma."

Nilisimama pale mlangoni kwa muda mrefu. Mjomba asingeweza kupiga simu na kunieleza, maana alijua kwamba jikoni wote husikia. Aliandika akijua kwamba kati yake na mama yake kuna mtu mmoja tu mwenye kusoma, na mtu huyo ni mimi. Alinitumia mimi ujumbe, lakini katika simu ya mtu mwingine. Je, ujumbe huo ulikuwa wa nani?

Jambo lingekuwa jepesi kama si kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi cha akina mama hukutana Jumamosi, na Bibi alikwisha sema kwamba Jumamosi ile atakopa shilingi 200,000 anunue mbegu ya viazi na mbolea ya masika kabla bei haijapanda. Deni hilo angelilipa kwa pesa za Mjomba. Nikinyamaza, Bibi atatia kidole chake katika daftari la kikundi akitegemea pesa ambazo hazipo, na mimi peke yangu pale kijijini ndiye nitakayekuwa najua. Nikisema, nitakuwa nimevunja siri ya mjomba wangu aliyeniamini. Usiku ule nilisikia mvua yote tangu ilipoanza hata ilipokoma.

Alhamisi jioni Bibi alikuwa akimenya viazi. Nikamwambia, "Bibi, katika simu yako umo ujumbe wa Mjomba, naye ameniomba nisikusomee."

Hakuinua uso. Akauliza, "Anaumwa?"

"La, Bibi."

"Amefungwa?"

"La."

Akamenya kiazi kingine mpaka kikaisha. Kisha akasema, "Basi kazi imekwisha. Tangu mwezi jana anaponipigia anaongea kama mtu aliyemaliza kula, na mtoto yule hajapata kushiba." Nikataka kusema neno, akaninyamazisha kwa kisu. "Wewe ameshakuomba. Usinisomee. Nipigie yeye."

Nikampigia. Bibi alisimama mlangoni, akazungumza naye Kisambaa, robo saa nzima, mpaka vocha ikaisha. Hakumwuliza habari za kazi hata kidogo. Alimwuliza kama amekula. Akamwambia kabichi zimefunga vizuri mwaka huu, lakini hana mwanamume wa kuzishusha barabarani, na wachuuzi wanaokuja na magari kutoka Dar es Salaam hawamngojei mwanamke mzee. Akamwuliza barabara ya Mombo siku hizi iko namna gani, kana kwamba yeye ndiye aliye mbali. Nilikuwa nimeketi karibu na moto, na nilisikia jinsi sauti ya Mjomba ilivyobadilika ndani ya kile kisimu, ingawa maneno yake sikuyapata.

Jumamosi Bibi alikopa shilingi 80,000 tu. Wenzake walipomwuliza kwa nini amepunguza, alisema shamba la bondeni amelipumzisha. Mjomba alifika kabla ya mwaka mpya, na begi moja na simu janja yenye kioo kilichopasuka. Siku ya pili tulipokuwa tukifunga kabichi katika viroba, aliniuliza bila kunitazama, "Ulimsomea?"

Nikamjibu, "Sikumsomea."

Akanitazama kidogo, akacheka, akaendelea kufunga kiroba.

Kabla ya kurudi shuleni nilifanya jambo moja. Simu za vitufe zina ufundi wa kupiga kwa kitufe kimoja, yaani unakiandikia kitufe namba ya mtu, kisha ukikibana kwa muda kinapiga chenyewe. Kitufe cha 2 nilimwandikia mama yangu aliyeko Arusha, cha 3 mwenyekiti wa kikundi, cha 4 mchuuzi wa kabichi, cha 5 mwalimu wangu wa bweni. Bibi alivijaribu vyote jioni ile ile, na mwalimu wa bweni naye alipata salamu zake akiwa likizoni. Kwa sauti hahitaji msomaji. Siku hizi hata zile sauti fupi za WhatsApp ambazo mama huzituma kwa simu ya Mjomba, Bibi huagiza zirudiwe mara tatu, kisha huzijibu kwa makelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

Ujumbe wa maandishi bado hauna budi usomwe. Mjomba yupo nyumbani na kusoma anajua, kwa hiyo nilidhani kazi yangu imepata mwenyewe. Lakini mama ameniandikia barua kwamba ujumbe ukiingia, Bibi humwita kwanza mtoto wa jirani wa Darasa la Tano amsomee, kisha humpa Mjomba asome naye, huku akisikiliza kama yanalingana.