Kinga Isiwe Kifungo

Tunapotaja kinga dhidi ya mionzi, wengi wetu hufikiria risasi, ile metali nzito iliyomo ndani ya aproni za chumba cha eksirei. Hospitalini fikra hiyo ni sahihi. Katika chombo cha anga inapotosha. Mionzi itokayo kwenye galaksi huwa na viini vya atomi vinavyokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vinapogonga atomi kubwa ya risasi, huzalisha chembe nyingine, zikiwamo nyutroni, na ngao yenyewe huwa chanzo cha madhara.

Ndiyo maana watafiti wameelekea kwenye vitu vyepesi vyenye haidrojeni nyingi. Polithini, ndugu ya ile mifuko ya rambo tuliyoipiga marufuku Tanzania Juni 2019, ni miongoni mwa ngao bora. Udhaifu wake ni kwamba peke yake haihimili mzigo wala joto kali. Hivyo huunganishwa na nyuzi za kaboni ili ipate uimara, au huchanganywa na boroni ili inase nyutroni. Kila kimoja hufidia upungufu wa mwenzake.

Haja ya ngao hizo inapimika. Kifaa kilichosafiri na roboti ya Curiosity kwenda Mars mwaka 2011 na 2012 kilipima takriban milisiveti 1.8 kwa siku. Kwa kiwango hicho, safari ya kwenda na kurudi ingempa mwanaanga takriban milisiveti 660, kabla ya kuhesabu siku za kukaa huko.

Hapo sayansi inakutana na siasa. Kwa miaka mingi kanuni za NASA zilimpangia mwanamke kiwango kidogo cha mionzi kuliko mwanamume wa umri wake, kwa kuwa makadirio yalionyesha hatari ya saratani kwake ni kubwa zaidi. Maana yake ilikuwa siku chache angani, na nafasi chache. Mwaka 2022 kiwango kilisawazishwa: milisiveti 600 kwa kila mwanaanga katika maisha yake yote ya kazi. Novemba mwaka huohuo, Artemis I ilikwenda Mwezini ikiwa na masanamu mawili yenye umbo la kike, Helga na Zohar. Zohar alivalishwa fulana ya polithini inayokinga zaidi viungo vinavyodhurika upesi. Helga hakuvalishwa, ili tofauti ipimwe.

Naiona fulana hiyo kuwa na hekima kuliko kanuni zote mbili. Kanuni ya zamani ilimfungia mwanamke mlango. Mpya inaweka namba moja, ingawa miili si mmoja. Fulana inakiri tofauti hiyo, kisha inamwachia mtu safari yake.

Katika miaka yangu ya kufundisha nimewasikia wazazi, na hata wahadhiri wenzangu, wakiwashauri mabinti waachane na jiolojia au uhandisi wa migodi "kwa usalama wao". Nia huwa njema. Lakini huko ni kumwondoa mtu na kuiacha hatari palepale, kwa sababu kumwondoa mtu hakuna gharama kwa anayeamua. Gharama hulipwa na binti.

Kwenu mnaoandaa miongozo ya kazi maofisini: kabla ya kuandika kwamba kazi fulani haiwafai wanawake, ulizeni kama barakoa, buti na vyoo vya kambini vilinunuliwa kwa kuwafikiria. Bajeti ya vifaa itangulie orodha ya wasioruhusiwa.