Malka: Njia ya Kuendea Maji

Tuliondoka Malindi baada ya sala ya Alfajiri, kina mama pamoja na watoto, tukielekea Garsen kuwazuru jamaa. Tulipokwisha kuvuka daraja la Sabaki na kuyapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, nchi ilitanda mbele yetu tambarare na kavu, vichaka vya miiba kulia na kushoto. Kwa karibu kilomita 100 hatukuona mto mwingine mkubwa. Watoto walikuwa wamekwisha anza kulalamikia kiu tulipoiona miembe kwa mbali, na nyuma ya miembe, Mto Tana.

Huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri mwendo wa kilomita 1,000 hivi, kisha ukaingia baharini Kipini. Maji yake yana rangi ya udongo na huenda yasimpendeze mgeni, lakini kwa wenyeji ndiyo uhai wenyewe. Ukingoni Wapokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi. Nyikani Waorma huchunga ng'ombe, na kiangazi kinapokaza nao huteremka mtoni, pamoja na wafugaji wengine watokao mbali.

Mwenyeji wetu alitupeleka kuiona malka. Hilo ndilo jina la njia inayoachwa kati ya mashamba ili mifugo ipate kufika majini. Kwa macho ni njia ya vumbi tu, iliyojaa alama za kwato. Lakini mkulima akiilima hadi ukingoni, ng'ombe wa jirani hufa kwa kiu; na mchungaji akiacha mifugo ipite nje yake, mpunga wa jirani huangamia. Malka ni amana ya pande mbili.

Mwaka 2012 amana hiyo ilivunjika. Ugomvi wa siku nyingi juu ya mashamba, malisho na maji uligeuka vita. Mwezi wa Agosti, siku chache tu baada ya Idi, waliuawa katika kijiji cha Riketa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Vijiji vingine vikafuata, vya upande huu na vya upande ule, na mapigano yalipokuja kutulia mwaka uliofuata, waliokufa walikuwa wamepita 100. Na muda wote huo mto ulikuwa ukipita pale pale, maji yake yakiishia baharini.

Tukiwa tumesimama malkani tuliikumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshikwa na kiu safarini. Alipata kisima, akateremka, akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa anahema na kula udongo wenye unyevu. Akatambua kuwa mnyama yule amefikwa na kiu ile ile iliyomfika yeye. Akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda na kumnywesha. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba Mwenyezi Mungu alimsamehe kwa tendo hilo.

Hadithi hii tumezoea kuwasimulia watoto ili wawahurumie wanyama. Safari hii tuliona jambo tulilokuwa tukilipita: mtu yule alikunywa kwanza, wala hakulaumiwa. Kiu yake mwenyewe, aliyoijua na kuituliza, ndiyo iliyomfunza kiu ya mwingine. Na nguvu aliyoipata kwa maji yale ndiyo iliyomrudisha kisimani mara ya pili.

Adhuhuri ilipokaribia tulikuwa sokoni Garsen, tukinunua maziwa kwa mama mmoja wa Kiorma. Kabla ya kutupimia alijimiminia kidogo, akanywa. Mmoja wetu akamtania, "Mama, mbona umeanza wewe?" Akacheka, akasema, "Nisipoyaonja, mwanangu, nitajuaje kama hayajachacha? Nitakupaje kitu nisichokijua?" Akatupimia, akatuongezea juu ya kipimo. Adhana ilipotoka, alimwachia madumu yake mama wa Kipokomo aliyekuwa akiuza ndizi kando yake, akaenda kusali bila kuhesabu kilichobaki.

Njiani kurudi tulizungumza juu ya nyumba zetu. Tunao kina mama wanaowapikia wote futari, nao wakafuturu wima jikoni kwa maji na kipande cha mkate. Tunao wanaougua kimya, wakaahirisha kwenda kutazamwa hadi ada ya shule iishe, na ada haiishi. Wameifunga malka ya nafsi zao, wakaiita hali hiyo subira. Kisha hasira huwatoka kwa mtoto aliyemwaga uji, wasijue ilikotoka. Salman Al-Farsi alipomzuru nduguye Abu Dardaa na kumkuta amezama katika saumu na kukesha kwa sala, hata mkewe amekata tamaa ya kujipamba, alimkumbusha kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake, na ahali wana haki yao, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alimsadikisha Salman.

Hatusemi mtu anywe kisha azibe njia nyuma yake. Hayo ndiyo yaliyouponza ukingo wa Tana. Tumeamrishwa kumpendea ndugu yale tunayozipendea nafsi zetu, na asiyeipendea nafsi yake usingizi, tiba wala chakula cha kukaa kitako, kipimo chake cha kumpimia ndugu kitakuwa pungufu. Basi wiki hii, dada zetu, tuketi tule pamoja na tuliowapikia. Tukishashiba, tumwangalie jirani ambaye njia yake ya maji imefungwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika fitina ile, na azidumishe wazi malka za Tana na za nyoyo zetu. Amin.