Chupa Juu ya Msumari

Riwaya yangu imekwama sura ya saba, na aliyeikwamisha ni bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Bibi huyu ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu. Mimi, kijana niliyeishia kidato cha nne, humsumbua kila ninapomaliza sura. Hii ya saba nilimpelekea kwa mbwembwe. Ndani yake mtoto Shabani anafikishwa hospitali usiku, hajitambui, mikono na miguu baridi kama barafu. Daktari anatundika dripu, maji yanakimbia, na alfajiri Shabani anafumbua macho na kuomba uji. Wakati naiandika nililia mwenyewe, nikasema hapa msomaji lazima atoe leso.

Bibi alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mjukuu wangu, huyu mtoto anaumwa nini?"

"Malaria kali, bibi."

"Anaharisha? Anatapika?"

"Hapana."

"Sasa maji yote hayo ya nini?"

Nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii. Na swali lile likanirudisha mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa miaka yote hii.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu, wa miaka miwili, alishikwa na homa siku mbili, ya tatu ikaja degedege. Mama alimfunga mgongoni, mimi nyuma nimeshika tochi, tukaenda kituo cha afya. Stendi ya dripu haikuwepo. Chupa walizitundika kwenye msumari ukutani. Mama alipiga magoti: "Baba daktari, mtundikie maji mwanangu." Akatundikiwa, kirungurungu kikafunguliwa wote. Mimi nikapewa kazi: chupa ikikaribia kuisha, niite.

Niliikodolea macho chupa ile kama mlinzi wa benki. Ilipokaribia kuisha niliita, ikaletwa ya pili. Kabla ya adhana ya alfajiri mdogo wangu alikuwa amekata roho.

Kwenye msiba mama aliwaambia wote waliokuja kutupa pole neno moja tu: "Walimhangaikia. Chupa mbili nzima." Hiyo ndiyo faraja aliyobaki nayo, na hata leo bado anaisema. Sura yangu ya saba ilikuwa nini basi, kama si kumfufua mdogo wangu kwa chupa zile zile?

Bibi ndiye aliyenieleza habari ya utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Baadaye niliutafuta nikausoma mwenyewe, kamusi pembeni. Ulianza Januari 2009, mwaka mmoja baada ya sisi kuzika. Ulifanyika katika hospitali sita: nne za Uganda, moja Kilifi nchini Kenya, na moja Muheza kwetu Tanzania. Aliyeuongoza ni daktari wa watoto, Kathryn Maitland, mwenye makao yake ya kazi Kilifi.

Mafundisho ya tiba ya dharura, hasa katika nchi tajiri, yalisema hivi: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimfiki vizuri mikononi na miguuni apewe maji mengi ya mshipa kwa mkupuo. Jambo linaingia akilini. Lakini katika hospitali zisizo na mashine za kusaidia kupumua, nani alikuwa amelipima?

Wakapima. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahasha zilizofungwa, ili daktari asichague nani apate nini. Kundi la kwanza lilipewa mkupuo wa maji ya chumvi. La pili, mkupuo wa maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La tatu halikupewa mkupuo. Wote walipata dawa na maji ya taratibu. Wengi wao walikuwa na malaria. Wenye kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa.

Watafiti walikusudia kufikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua hesabu ikashauri wasimamishe. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya mkupuo. Kundi lisilopewa mkupuo, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto mia, kama watatu zaidi walipotea kwa kile tulichokiita msaada. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo wa 2011.

We acha tu. Nilifunga kamusi nikatoka nje.

Nilirudi kwa bibi na swali unaloweza kulikisia, ndugu msomaji. Alikaa kimya, kisha akasema: "Utafiti unahesabu mamia, haumhesabu mmoja. Hata wasiopewa mkupuo walikufa. Na yule aliyefungua dripu alifanya alichofundishwa. Wala usije ukaandika kwamba dripu ni sumu! Mtoto aliyekauka kwa kuharisha utamuua ukimnyima maji."

Tangu hapo siwafikirii madaktari tu. Nawafikiria akina mama wa Muheza, Kilifi na Uganda, waliokubali, usiku, mtoto yuko mahututi, watoto wao waingie katika swali ambalo hakuna aliyejua jibu lake. Wengine waliulizwa kwa mdomo tu na kusaini baadaye, maana muda haukuwepo. Mitaani tunasema watafiti wanatufanyia majaribio. Ni kweli, na mwenye kuuliza maswali aulize. Lakini ile chupa ya msumarini nayo ilikuwa jaribio, ila hakuna aliyeandika matokeo.

Jioni moja mama akichambua mchele nilimweleza yote. Nilitetemeka, maana nilikuwa nakwenda kuigusa faraja yake. Hakuinua uso. Vidole viliendelea kutafuta mawe.

"Na watoto wa hao wenzangu," aliuliza mwishowe, "walipona?"

"Wengi walipona, mama."

Akapepeta ungo mara mbili, tatu.

"Basi andika. Ila jina lake usilitaje."

Sijalitaja. Sura ya saba nimeichana, naianza upya.